Bei ya Jina: Kisa cha Baiskeli ya Gia pale Ng'ambo, Tabora

Kisa hiki ni cha shilingi 80,000. Asubuhi baiskeli ilitajwa 260,000, jioni ikalipiwa 180,000. Ni baiskeli ileile, chini ya mwembe uleule, Ng'ambo hapa Tabora mjini. Kati ya bei hizo mbili hakuna spoku iliyokatika wala tairi lililopasuka. Kilichobanduka ni stika.

Mimi nauza vipuri. Duka langu limepakana na kijiwe cha fundi ambaye mtaa mzima unamwita Babu, hata wazee wa rika lake. Mteja akitoka kwake anaingia kwangu, au anatoka kwangu amenuna na kurudi kwake. Siku hiyo alifika kijana mrina asali wa njia ya Sikonge, na Phoenix ya marehemu baba yake. Keria yake ilikuwa imezungushiwa vipande vya tyubu kuukuu, ina madoa ya asali yaliyogeuka meusi. Nyuma yake alikuja muuza mtumba anasukuma baiskeli ya gia, nyeusi tii, ina herufi nyeupe kubwa ubavuni.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Asali vipi mwaka huu?"

"Ipo kidogo, Babu. Nimekuja unitazamie hii. Huyu kaka anasema ni orijino ya Marekani."

Jina lililoandikwa pale sitalitaja, maana wenye jina hawakuhusika na yaliyofuata. Ni moja ya yale makubwa ambayo ukiyatafuta kwenye simu unakuta baiskeli za bei ya pikipiki. Muuzaji alilijua hilo. Alitoa simu, akatuonyesha picha. "Mpya yake huko inakwenda mamilioni, mzee wangu. Mimi namwachia 260,000 kwa kuwa ni mdogo wangu."

Babu hakujibu. Aliipindua baiskeli, magurudumu yakaangalia juu, akapitisha ukucha wa kidole gumba polepole pembeni mwa herufi ya kwanza. Ukucha ukakwama. Herufi ilikuwa imebandikwa juu ya tone la rangi lililochuruzika na kukaukia palepale. Rangi ya kiwandani haichuruziki hivyo, na stika ya kiwandani aghalabu hulala chini ya vanishi, huwezi kuikamata kwa ukucha. Akamtuma mtoto maji ya moto kwa mama ntilie wa jirani, akachovya kitambaa, akakikandamiza juu ya herufi kama anayemkanda mtu aliyeteguka.

"Babu, unaniharibia mali!"

"Kama ni ya kiwandani haitoki, mwanangu. Tulia."

Ilitoka. Ilijikunja yenyewe kama ganda la kitunguu. Chini yake palikuwa na rangi nyeusi ya kupuliza. Babu akasugua kwa msasa laini eneo la ukubwa wa sarafu, ikajitokeza zambarau. Akasugua zaidi, na katikati ya zambarau tukaona kivuli cha maandishi ya zamani, pale ambapo stika ya kwanza kabisa iliikinga rangi isipauke. Tulisoma herufi mbili tu, na hata hizo hatukukubaliana ni zipi. Mbele, kwenye shingo ya fremu, palikuwa na matundu mawili madogo yaliyozibwa kwa puti, alama kwamba zamani palipigiliwa nembo ya chuma kwa ribiti. Na chini, karibu na pedeli, kistika cha rangi ya fedha kilichonusurika kikasema imetengenezwa Taiwan.

Kijana alinywea. "Kumbe siyo ya Marekani."

Muuzaji naye alinywea, na hapo ndipo nadhani alikosea, kwa hasara yake mwenyewe. Angejua habari za baiskeli hizi, neno Taiwan lingekuwa silaha yake pekee ya haki siku ile.

Jina linahama, chuma kinabaki

Nitaeleza kwa nini, kama nilivyowaeleza pale kijiweni, ila bila kukatizwa na wateja.

Kwa miongo mingi jina la baiskeli Marekani lilikuwa Schwinn, kampuni ya Chicago iliyoanzishwa 1895. Miaka ya 1970, vijana wa Marin, California, walianza kuokota Schwinn kuukuu, za kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia na za wakati wake, zenye fremu nzito na matairi manene. Walizipandisha mlima Tamalpais na kuziachia zishuke. Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya shindano la kwanza kwenye njia waliyoiita Repack, mteremko wa kama kilomita 3 unaoshuka takriban mita 400. Jina hilo lilitokana na breki. Baiskeli zile zilikuwa na breki ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya nyuma, unakanyaga pedeli kinyume ndipo inashika. Ukifika chini grisi imeungua, moshi unatoka kwenye habu, na huna njia ila kuifungua na kuijaza grisi upya, na huko kujaza upya ndiko Waingereza wanakoita "repack".

Babu aliipenda sana sehemu hii. Aliniomba niirudie, na tangu siku hiyo ameisimulia mwenyewe mara nyingi, kila mara moshi unaongezeka.

Mwaka 1977 Joe Breeze alitengeneza fremu mpya kwa ajili ya mchezo huo badala ya kuokota. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly wakafungua biashara ya kuuza baiskeli zenye fremu alizozijenga Tom Ritchey. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized wakatoa baiskeli ya Stumpjumper, iliyoundwa Japani kwa wingi, na baiskeli ya milimani, hii tunayoiita ya gia, iliyokuwa ya marafiki wachache, ikaingia madukani.

Schwinn walikuwa wapi? Fremu zao wenyewe ndizo zilizozaa mchezo huo, lakini wao walichelewa kuutambua mtoto wao. Mwaka 1980 wafanyakazi wa kiwanda chao cha Chicago waligoma, na kazi kubwa ikapelekwa Taiwan kwa kampuni iliyoanzishwa 1972, Giant. Giant wakachomelea fremu, wakabandika jina la Schwinn, na huku wakijifunza. Mwaka 1981 walianza kuuza kwao kwa jina lao wenyewe, na kufika 1987 walikuwa wameingia soko la Marekani lenyewe. Mwaka 1992 Schwinn wakafilisika. Aliyekuwa akiwatengenezea leo ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa baiskeli duniani.

Kulikuwa na sukumo jingine pia. Baada ya 1985 yeni ya Japani ilipanda thamani kwa kasi mbele ya dola, baiskeli za Japani zikawa ghali kwa mnunuzi wa Marekani, na oda nyingi zikavuka bahari kwenda Taiwan. Kwa hiyo fremu ya zambarau iliyokuwa imepinduliwa mbele yetu haikuwa na haya yoyote. Bomba zake zilikuwa nyembamba, za chuma cha kromoli, yaani kilichochanganywa kromiamu na molibdeni. Haikuwa na shokapu mbele. Breki zake zilikuwa za kuvutwa na waya mmoja katikati, mtindo uliotangulia zile za mikono mirefu ambazo kampuni ya Shimano ya Japani walizileta katikati ya miaka ya 1990. Kwa macho yangu ni baiskeli ya mwisho wa miaka ya 1980 au mwanzo wa 1990, na kiwanda kilichoitoa huenda kilikuwa kinatoa baiskeli za majina matano tofauti wiki hiyohiyo.

Na hayo majina nayo hayakukaa. Jina la Gary Fisher lilinunuliwa na kampuni ya Trek 1993, na tangu 2010 Trek wakaacha kuliuza kama jina linalojitegemea. Mongoose, iliyokuwa ikishindana milimani miaka ya 1980, leo Wamarekani wanaikuta kwenye maduka makubwa karibu na sabuni na viatu. Cannondale, waliojijengea sifa kwa fremu nene za alumini, walifilisika 2003. GT na Schwinn wakaanguka pamoja 2001. Mwaka 2022 Schwinn, Mongoose, GT na Cannondale zote zilijikuta chini ya kampuni moja ya Uholanzi, Pon. Jina la baiskeli ni kama kibao cha nyumba ya kupanga: wapangaji wanahama, mwenye nyumba anabadilika, kibao kinabaki palepale mlangoni na wewe mgeni unabisha hodi ukidhani ni walewale.

Kijana akauliza swali ambalo nalisikia kila wiki: "Mbona hapa nyuma imeandikwa Shimano? Si ndilo jina lake?" Siyo. Hao ni watengenezaji wa gia na breki, na wameingia kwenye baiskeli za karibu kila jina. Lakini simlaumu. Hapa Tabora nina wateja wanaosema kabisa "nina Shimano", na ukifikiri vizuri hawako mbali na ukweli. Zamani mshindani wao mkubwa alikuwa SunTour, naye wa Japani, aliyekuwa na hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya ule mkono wa mshazari wa kuhamisha cheni tangu 1964. Hataza ikaisha 1984, Shimano wakalichukua umbo lile na kuliunganisha na gia zinazobofya zenyewe mahali pake. Miaka michache baadaye SunTour ya Kijapani ikawa historia. Mnunuzi aliyeshika usukani hakuona lolote, kwani jina la ubavuni lilikuwa halijabadilika.

Kopo la Babu

Sisi nasi tuna historia yetu ya majina, na Babu anaihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga. Kila fremu iliyokufa mikononi mwake aliing'oa nembo ya shingoni na kuitupia humo. Siku ile alilimwaga kopo juu ya gunia ili kumtuliza kijana.

Zilizo chini kabisa ya kopo ni za Raleigh, kichwa cha korongo, kampuni ya Nottingham, Uingereza. Hizo zilikuwa za karani, mwalimu na katekista. Mtu akiwa na Raleigh enzi hizo alijulikana kijiji cha pili. Kisha Phoenix za Shanghai, nyingi kuliko zote. Kisha Hero na Avon za Ludhiana, India. Mbili tatu za Swala, ya kwetu Tanzania. Baada ya hapo kopo linanyamaza. Biashara ilipofunguliwa miaka ya katikati ya 1980 mitumba ikaanza kumiminika: baiskeli za akina mama wa Kijapani zenye kikapu, za Kiholanzi zenye gadi la cheni, na hizi za gia. Nyingi zina stika tu, hazina nembo ya kung'oa. Babu anasema kuanzia hapo baiskeli "zilianza kuvaa nguo badala ya chale".

Tulichogundua kwa kuzipanga zile nembo ni kwamba hakuna hata moja iliyopendwa hapa kwa sababu ya tangazo. Raleigh iliondoka ilipokuwa adimu na vipuri vyake ghali. Phoenix na Hero zilirithi kwa sababu zimefuata umbo lilelile la Kiingereza, kiasi kwamba vipuri vingi vinaingiliana. Hilo ndilo jibu lote. Baiskeli hapa inapendwa mahali ilipoharibikia, siyo mahali iliponunuliwa. Wale waendesha daladala za baiskeli, wenye viti vya sponji nyuma, ambao bodaboda zimewapunguza lakini hazijawamaliza, hawakuwahi kuniuliza jina. Wanauliza kama friwili, kile kinyota cha nyuma kinachovutwa na cheni, ipo.

Madumu mawili ya asali

Turudi kwa kijana, maana mpaka hapa tumeongelea muuzaji kuliko mnunuzi.

Kazi yake ni hii. Anatoka porini kwenye mizinga kwa njia za kichanga hadi anapokutana na lami, halafu kama kilomita 70 mpaka mjini akipata soko. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20. Likijaa asali linakaribia kilo 28. Madumu mawili ni kilo 56 kabla yeye mwenyewe hajapanda.

Kwenye lami Phoenix haina mpinzani. Tulihesabu spoku za gurudumu la nyuma, 40. Kwenye kichanga ni mateso, kwani tairi lake la 28 kwa inchi moja na nusu linajichimbia kama panga, na breki zake za vyuma zikilowa zinageuka mapambo. Baiskeli ya zambarau ina matairi ya 26 mapana karibu inchi mbili. Yanaelea. Nilimwelewa kijana kwa nini aliitamani, na siyo kwa herufi nyeupe peke yake.

Swali likawa vipuri. Tairi la 26 la baiskeli za gia ninalo, na kila duka la Tabora linalo, kwa kuwa baiskeli za gia za bei nafuu kutoka China zote zimevaa 26. Hili linanichekesha kidogo. Huko Ulaya na Marekani, tangu kama 2013, baiskeli mpya za milimani za watu wazima zimehamia 27.5 na 29, na 26 wanaiona ya kizamani. Kwetu ya kizamani ndiyo yenye tairi.

Aliwahi kuniletea mtu 29 ya mtumba, nzuri ajabu. Sikuwa na tairi lake, akaomba la 28 la Phoenix akifikiri litabana tu kidogo. Nikamwambia jaribu. Likavaa kama kofia ya baba kichwani kwa mtoto. Namba hizi zinadanganya: rimu ya Phoenix ya 28 ina kipenyo cha milimita 635 pale tairi linapokaa, ya 29 ni 622. Ndogo kwa jina ndiyo kubwa kwa kipimo. Ile 26 ni 559, na 27.5 ni 584. Kipimo hicho huchapwa ubavuni mwa tairi. Mteja akinitajia hicho badala ya inchi, tunamalizana kwa dakika moja. Mwenye ile 29 alisubiri tairi kutoka Dar es Salaam mpaka akaichukia baiskeli.

La pili, fremu. Ya zambarau ni ya chuma, kwa hiyo keria ya mzigo inachomelewa hapahapa na mtu yeyote mwenye mashine ya kawaida. Ingekuwa ya alumini Babu asingeigusa, maana welding za mtaani haziiwezi na ikipasuka imepasuka. Na kukosa shokapu kulikuwa baraka. Shokapu za bei nafuu zikibebeshwa kilo hizo zinalala chini na haziinuki tena.

La tatu ndilo lililotugombanisha mimi na Babu: gia. Habu ya nyuma ilikuwa ya zile za kukaza friwili kwa nyuzi, ina vinyota 7. Kwenye habu za namna hiyo gololi za upande wa kulia zinakaa mbali na mwisho wa ekseli, kwa kuwa vinyota vimechukua nafasi, na mzigo ukizidi ekseli inapinda au inakatika hapohapo. Babu akataka kuzitoa gia zote. Nyuzi zinalingana na za friwili moja ya Phoenix, angekaza moja, angehamisha washa ili gurudumu likae katikati, na spoku za kulia na kushoto zingepata mkazo karibu sawa. Mimi nilisema kichangani gia nyepesi ndiyo inayomwokoa mtu, na ekseli ninaziuza.

"Wewe unauza ekseli," Babu akasema. "Mimi ndiye ninayefuatwa saa mbili usiku."

Kijana alisikiliza, akatazama zile gia 7 kwa huzuni ya wazi. Alikuwa ameshawaambia watu kwao kwamba anarudi na baiskeli ya gia.

Bei

Muuzaji alipoona mazungumzo yamefika kwenye keria alijua baiskeli itanunuliwa, akapata nguvu tena. "Sasa wazee wangu, kwani jina ndilo linalobeba asali?"

"Halibebi," Babu akasema. "Basi litoe kwenye bei."

Palipita kimya kirefu kwa Tabora. Walianzia 150,000, wakakutana 180,000. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa bei ya haki kwa fremu nzima isiyo na ufa, rimu mbili zilizonyooka na matairi yenye msimu mmoja bado. Angeiuza kama fremu ya kromoli ya Taiwan ya miaka ile, na akajua kuieleza, ningemwona ana hoja hata kwa 210,000. Alichagua kuuza kisichokuwepo, akalazimika kukitoa mbele ya watu.

Gia zilitolewa. Ziko kwenye gunia nyumbani kwa kijana, anasema atazirudisha siku akipata habu ya maana. Phoenix kamwachia mdogo wake. Keria ilichomelewa kesho yake, na rangi ya zambarau ikaachwa ionekane pale mbele msasa ulipopita, kwa sababu aliipenda.

Kabla hajaondoka aliomba nembo moja kutoka kwenye kopo aizibie yale matundu mawili. Alitaka Raleigh, ile ya korongo, lakini matundu hayakulingana. Babu akazijaribu moja baada ya nyingine, akakataa kutoboa fremu upya. Iliyokaa sawasawa ni ya Hero. Ikapigiliwa.

Miezi miwili baadaye aliingia dukani mwanamume mmoja kutoka upande wa Sikonge, sijawahi kumwona, akaniambia ametumwa. Anatafuta Hero ya matairi mapana, ya zambarau, kama ya yule kijana wa asali. Ana hela mkononi.